UZI: Sisi wa "weka ya buku kumi" hatujui gari linakula nini. Daftari langu la mafuta hili hapa

Temboni_IST (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (mamlaka ya nishati na maji) wakitoa bei kikomo mpya tunalia siku mbili, tunatupiana vikatuni, halafu tunasahau mpaka mwezi unaofuata. Nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonikalisha chini ni Agosti 2022, petroli ya Dar ilipofika 3,410 kwa lita. Mnaukumbuka ule mwaka. Vita ya Ukraine ilianza Februari, Mei tukawa kwenye 3,148, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 mwezi Juni, tukapumua kidogo, kisha Agosti ikatupiga tena.

Siku hiyo mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, hivi kwa mwezi mafuta yanakula shilingi ngapi?" Nikababaika. Najua ada, najua umeme, najua hata pesa ya taka. Mafuta sijui.

Sijui kwa sababu naingia sheli kila baada ya siku mbili: weka ya buku kumi. Taa ikiwaka, weka ya buku kumi na tano. Ukiishi hivyo bei ikipanda huioni. Noti inayotoka ni ile ile, ila taa inawaka mapema, na wewe unasema gari limeanza kuchoka. Kwa bei ile buku kumi haikufika hata lita tatu.

Basi nikanunua daftari la shilingi mia tano nikaliweka kwenye droo ya gari. Njia yenyewe haina usomi. Unajaza tenki mpaka pampu ijikate, hushindilii ya juu. Unasifurisha mita ya safari. Unatembea wiki yako kama kawaida. Unarudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, unajaza tena mpaka ijikate. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Hilo ndilo gari lako, habari za mtaani weka pembeni.

Gari ni Toyota IST ya cc 1,500, naishi Kimara Temboni, kazi Posta, katikati namshusha mtoto shule. Kwa siku ni kilomita 46. Jibu la kwanza: kilomita 302, lita 31.4. Yaani 9.6 kwa lita. Kwa IST! Niliona aibu, maana miaka mitatu nilikuwa nasimulia watu gari langu linaenda 15.

Kwa siku 22 za kazi hiyo ni kama laki tatu na sitini. Mke wangu aliangalia namba akafunga daftari, akaniletea chai. Hakusema kitu, na nilijua maana yake.

Leo niko 13.1. Mwezi ule ule, njia ile ile, kwa bei ile ile ya 3,410 ingekuwa laki mbili na sitini na kitu. Karibu laki moja kwa mwezi nilikuwa naimwaga barabarani. Vitu vitatu ndivyo vilivyonisogeza, na kila kimoja nilikipima peke yake kabla sijagusa kingine:

Fundi alirudisha thamostati iliyokuwa imeng'olewa na kubadili ea klina (chujio la hewa): 9.6 ikawa 11.0.

Upepo wa matairi na mguu wangu: 11.0 ikawa 11.9. Tairi za nyuma zilikuwa na 24, wakati kibandiko cha mlangoni kinataka 32. Magari yetu ya Japani kibandiko kimeandikwa kwa kPa, watu hawakisomi. Ukiona 220, hiyo ni kama 32 ya mashine ya upepo ya mtaani.

Cha tatu ni saa ya kutoka nyumbani. Nilikuwa natoka saa 12:40, nikaanza kutoka saa 11:30 alfajiri. Hapo ndipo 11.9 ikawa 13.1. Sikubadili kitu kingine hata kimoja, ila Manzese na Magomeni napita nikiwa gia ya nne badala ya kuganda nyuma ya mkia wa lori. Nafika Posta mapema mno, nanywa supu, nasinzia kwenye kiti. Supu nayo ni gharama, najua, msinianze.

Karibuni. Mwenye namba aweke namba. Mwenye hadithi za "langu linanusa tu" apite kimya.

---

Mzee_wa_V8

Mimi nikijaza tenki mhudumu ananiamkia shikamoo. Daftari la nini tena, mnanitafutia presha.

---

FundiPlagi

Mkuu, hapo kwenye thamostati umenigusa, ngoja nikae vizuri.

Hili ni kosa letu sisi mafundi, tulikubali. Gari likichemsha, fundi wa haraka anang'oa thamostati anakwambia, "Dar joto, hii ni ya Ulaya." Gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi, fundi anasifiwa. Kumbe tatizo lilikuwa rejeta imeziba au feni imechoka, na sasa umeongeza la pili. Thamostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, kwa hizi Toyota ndogo ni kama nyuzi 80 na kitu. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote. Sensa inaiambia kontroli boksi (kompyuta ya injini), "bado tuna baridi," na kontroli boksi inaongeza petroli kama vile umeiwasha gari alfajiri ya Makete. Safari fupi fupi za mjini ndiyo kabisa, injini haifiki joto lake hadi unafika.

Sisemi kila mtu atapata kilomita moja na nusu kama mleta uzi. Lake lilikuwa na ea klina chafu pia, na hizo mbili amezipima pamoja, kwa hiyo namba ya thamostati peke yake hatuijui. Ila kabla hujanunua vidonge vya kutia kwenye tenki, na vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la sigara, angalia hilo kwanza. Hivyo vidude nimevifungua. Ndani kuna taa.

Vingine ninavyoviona gerejini: oksijeni sensa iliyokufa na mwenye gari ameziba taa ya injini kwa gundi isimsumbue macho (nimeiona kwa macho yangu, Tabata). Plagi ambazo hazijabadilishwa toka gari litoke bandarini. Breki zinazong'ang'ania: ukitoka safari gusa rimu kwa uangalifu, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hilo tairi unalivuta kama punda aliyegoma.

---

Kijana_wa_Sinza

Mbona hamsemi mbinu zenyewe? Mimi nashuka mlima na nyutro, gari linatembea bure. Na mafuta najaza saa 12 asubuhi yakiwa yamepoa, yanakuwa mazito, unapata mengi kwa bei ile ile.

---

Semi_Tunduma

Mdogo wangu wa Sinza, mlima gani huo Sinza?

Naendesha semi Dar–Tunduma mwaka wa kumi na mbili huu. Nyutro nimeiona ikiua watu mteremko wa Kitonga, sitaki utani nayo. Gari zito likishuka bila gia unabaki na breki tu, breki zikishika moto hakuna breki. Utabaki unaita majina ya Mungu yote.

Na cha kuchekesha, haikuokolei kitu. Zamani za kabureta labda. Injini hizi za sasa, za petroli na za dizeli, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kabisa kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozo. Matairi ndiyo yanazungusha injini, inakunywa sifuri. Ukiweka nyutro, matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo inabidi ichome mafuta ili isizime. Umejitia hatarini ili upoteze.

Linalookoa mafuta kwenye lori ni kuangalia mbali. Ukiona foleni mita mia tatu mbele, toa mguu sasa hivi, usiende mpaka pale ukakanyage breki. Kila ukikanyaga breki unatupa mafuta uliyochoma kupata ule mwendo. Tajiri wangu alituwekea kifaa kinachoonyesha mwendo na matumizi. Madereva wawili, malori ya aina moja, mzigo ule ule, tofauti ya dizeli kwa safari ya kwenda na kurudi ilikuwa inatosha kumlipa utingo. Tofauti ilikuwa mguu.

---

Temboni_IST

Kaka Semi, heshima yako.

La kujaza asubuhi nalijibu mimi, nililipigia hesabu. Petroli ikipanda joto nyuzi moja inavimba kama sehemu moja ya elfu. Tenki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halichezi sana kati ya asubuhi na mchana. Tufanye limecheza nyuzi tano, kwa ukarimu. Kwenye lita 20 umepata desilita moja, kikombe kidogo cha kahawa. Ukiamka saa 11 kwa ajili ya kikombe, amka. Mimi naamka kwa ajili ya Manzese.

Na kwa kuwa tuko hapo: foleni za Jumanne usiku. Bei mpya inaanza saa 6:01 usiku kuamkia Jumatano, kwa hiyo tetesi zikisema inapanda, Jumanne jioni sheli zote zinajaa. Tufanye inapanda 150. Tenki la IST likiwa na nafasi ya lita 30 umeokoa 4,500. Nilikaa foleni saa moja na nusu, AC inawaka maana mtoto alikuwa nyuma, na injini ndogo ikisimama na AC inakunywa kama lita moja kwa saa. Nikatoka bila faida yoyote, na mtoto hajafanya kazi za shule. Sijarudia.

Heri kupiga *152*00# kuangalia bei kikomo ya wilaya yako. Hiyo ni bei ya juu kabisa, sheli inaruhusiwa kuuza chini yake, na zipo zinazouza chini. Kwenye njia yangu kuna mbili zinatofautiana shilingi hamsini na ziko upande ule ule wa barabara.

---

Mama_Vifurushi

Wababa mmeongelea injini mpaka basi. Sijui thamostati ni kitu gani, lakini mafuta nimeyapunguza kuliko wote hapa.

Nauza vitenge na mashuka kwa oda, napeleka mwenyewe na Vitz. Zamani mteja akisema "dada niletee leo," natoka. Asubuhi Mbezi Beach, mchana Kigamboni, jioni nimerudi Mikocheni, hatua mbili kutoka nilipokuwa asubuhi. Siku moja nimetembea kilomita 90 kupeleka mizigo minne, faida yote imebaki kwenye sheli. Sasa nina siku. Jumanne ni Bagamoyo Road kuanzia Mwenge mpaka Tegeta. Alhamisi ni Kigamboni na Temeke. Jumamosi Kariakoo kuchukua mzigo na kupeleka njia ya Ilala. Anayetaka siku isiyo yake namtumia boda na analipa yeye. Nilidhani nitawapoteza. Walionuna ni watatu, mmoja alikuwa hanilipi kwa wakati hata hivyo.

Kilomita 300 kwa wiki zimekuwa 170. Gari ni lile lile, na fundi hajaligusa.

---

FundiPlagi

Dada umetuzima wote. Kilomita ambayo hujaenda haina matumizi.

---

IST_ya_Gesi

Nashangaa uzi umefika hapa hakuna aliyetaja gesi.

Naendesha gari la abiria wa kwenye simu. Nilifunga mfumo wa gesi asilia, ilinitoka milioni moja na laki nane. Kilo nanunua 1,550. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo mimi kilo moja inanipeleka kilomita 17 mpaka 18. Fanyeni hesabu: kwa kilomita moja natumia kama shilingi 90. Mwenye petroli ya 3,000 anayeenda 13 kwa lita anatumia 230. Natembea kilomita 150 kwa siku, naokoa kama elfu ishirini na moja. Baada ya miezi mitatu mfumo ulikuwa umejilipa.

Sasa maumivu. Buti limeisha, mtungi umelala humo. Abiria wa uwanja wa ndege na masanduku mawili namwambia asamehe. Foleni ya kujaza: vituo vimeongezeka, lakini kuna siku nimekaa masaa matatu. Wenye bajaji wanalala pale. Saa tatu za dereva ni pesa, kwa hiyo naenda saa nane usiku. Na gari linawaka kwa petroli kwanza, likipata moto ndiyo linahamia gesi, kwa hiyo msiache tenki kavu, pampu ya petroli inaungua. Nimeungua nayo, laki na ishirini.

Mleta uzi, wewe kwa kilomita elfu moja za mwezi utaokoa kama laki na arobaini. Mfumo utajilipa baada ya mwaka mmoja na ushee. Si mbaya, lakini usiamini wanaokwambia miezi mitatu. Hiyo ni miezi yetu sisi wa barabarani kutwa.

---

Temboni_IST

Asante mkuu, hii ndiyo namba niliyokuwa naitafuta. Wauzaji wote wanatupa hesabu ya dereva wa kutwa.

---

Mvita_Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu EPRA (ndiyo EWURA yetu) hutangaza tarehe 14 na bei huanza 15, basi usiku wa 14 ni vituko vile vile mnavyovisema. Oktoba 2023 Nairobi ilifika 217.36 kwa lita ya petroli, na Julai ya mwaka huo huo VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 ikawa 16. Sisi Mombasa tuna nafuu kidogo kwa sababu bandari iko mlangoni, lakini nafuu hiyo tunaila Likoni.

Likoni, ndugu zangu. Foleni ya feri yaweza kukuweka dakika arobaini, injini yanguruma, wasonga hatua tatu, wasimama. Babangu alinifunza tangu utotoni: gari likisimama zaidi ya dakika moja, zima. Nilidhani ni ubahili wa wazee. Nilipopima kwa njia ya Temboni, wiki niliyozima na wiki niliyoiacha ikinguruma zilitofautiana lita mbili na nusu. Betri lakini iwe nzima, usije ukawa wewe ndiye unayesukumwa kuingia ferini huku watu wanapiga honi. Yalinifika.

---

Boda_Rangi3

Wakuu na sisi wa pikipiki mtusaidie. Boxer yangu ilikuwa inanipa 50 kwa lita, sasa 38 tu. Mafuta nachukua ya chupa kwa mama mmoja jirani na kijiwe maana sheli mbali.

---

FundiPlagi

Boda wangu, anza na chupa. Lita ya chupa mara nyingi si lita, na hujui imechanganywa na nini. Enzi za uchakachuaji, kabla mafuta ya taa hayajapandishiwa ushuru mwaka 2011, ilikuwa balaa. Sasa kwenye sheli imepungua kwa sababu ya vinasaba (alama ya siri inayotiwa kwenye mafuta) na bei ya mafuta ya taa yenyewe, lakini kwenye chupa hakuna anayepima. Nunua dumu lako la lita tano, jaza sheli yenye stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, dai risiti.

Halafu: mnyororo. Ukining'inia sana au ukikaza sana, vyote vinakula. Upepo wa tairi ya nyuma, maana mnabeba mishikaki. Choki: ukiwasha na choki asubuhi ukasahau kuirudisha, unamwagia injini petroli kutwa nzima. Na kabureta, mwambie fundi asiifungulie "ipate nguvu". Rangi itakuonyesha: plagi ikitoka nyeusi ya masizi, unachoma nyingi mno. Ikitoka kahawia kama biskuti, uko vizuri.

---

Kijana_wa_Sinza

Sawa, nyutro nimeacha. Ila naomba kuuliza, Dodoma kwa gari au treni?

---

Temboni_IST

Ukiwa peke yako usijisumbue. Dodoma kilomita 450 na ushee, kwa 14 kwa lita ya barabara ndefu ni lita 32, karibu laki moja kwenda tu. SGR daraja la kawaida 31,000. Mkiwa wanne ndani ya gari hesabu inageuka, gari linashinda, ila uondoe tochi za trafiki. Na kama una mguu mzito usilinganishe. Toka 80 mpaka 110 upepo unaousukuma unakaribia mara mbili.

---

Mzee_wa_V8

Haya. Mmenishawishi, nimejaza mpaka ikajikata, nimesifurisha mita, nimetembea siku nne. Kilomita 241, lita 57.4.

---

Temboni_IST

4.2 kwa lita, mzee. Shikamoo.

---

Kijana_wa_Sinza

😂😂😂 Na mimi yangu hii, Raum, msinicheke. Kilomita 241 nazo hizo hizo, lita 28.6.

---

FundiPlagi

8.4. Hiyo si Raum nzima. Kesho asubuhi kabla hujaiwasha fungua boneti. Washa, iache dakika mbili tatu, shika bomba la chini la rejeta, mkono uwe mbali na feni. Linatakiwa liwe bado la baridi. Kama linapata joto sambamba na injini, mtu alishaing'oa thamostati.

---

Kijana_wa_Sinza

Fundi, nimeshika sasa hivi. La moto.

---

FundiPlagi

Njoo Jumamosi, kabla ya saa tatu. Na uniambie nani aliing'oa, huenda ni mimi.